Shangazi Hataki Wakili

Kila asubuhi nikipanda basi huegemeza kichwa dirishani na kusinzia mpaka kazini. Leo mama wa kiti cha mbele alinizindua: "Hebu vua tai hiyo!"

Kijana aliyekaa naye akashika shingo. "Shangazi, mimi ni wakili. Wakili bila tai ni kuku aliyenyonyolewa."

Nilijifanya bado nimelala. Usingizi wa uongo una masikio makubwa.

Kwa maneno yao nilielewa kuwa mama huyo ni mshonaji. Aliiuliza halmashauri kwa nini bomba la maji la mtaa wao limehamishwa, akanyimwa jibu, na leo rufaa yake ya kudai jibu hilo inasikilizwa katika ukumbi wa baraza.

"Sheria inaruhusu nikuwakilishe," alisema kijana.

"Inaruhusu, hailazimishi. Swali langu ni moja tu. Wewe ukisimama, nao watamleta wakili wao, mtaitana 'msomi mwenzangu' mpaka jioni, nami nirudi na ndoo zangu vilevile."

"Je, wakimleta hata nisiposimama?"

"Nina mdomo."

"Huo naujua tangu utotoni."

Nilicheka, nikakigeuza kicheko kuwa kikohozi. Sidhani walidanganyika.

Basi lilipopunguza mwendo, mama alimfungua tai mwenyewe, akaikunja vizuri na kuitia mkobani.

"Basi nikusubiri nje?" kijana aliuliza kinyonge.

Mama akamshika mkono. "Nje ufanye nini? Ukae karibu yangu, mwanangu. Wakili simtaki, lakini naogopa kuingia mle peke yangu."

Mlango ukafunguka, wakashuka wameshikana mikono.