Weusi wa Kilemba, Weusi wa Uso

Ilianza Alhamisi, saa nane na robo mchana, hapa hapa Same, kwenye studio ya picha ya mama yangu mdogo. Wakubwa zangu, shikamooni. Wenzangu wa umoja wa vijana, naomba mnivumilie nisome nilichoandika, maana nikiinua macho nikawaona nyote, maneno yatakimbia. Mnanijua. Mimi ndiye yule anayeitikia salamu kwa kichwa.

Mama mdogo alikuwa ameenda Moshi kufuata wino, akaniachia studio, kwa kuwa tangu nimalize kidato cha nne nashinda naye pale. Akaingia babu mmoja kutoka Mamba pamoja na mpwa wake, dereva wa lori lililokuwa limeshusha tangawizi. Babu akafungua leso, akatoa picha ndogo ya paspoti, ya zamani, nyeusi na nyeupe.

"Ni mke wangu. Tunamzika kesho asubuhi. Nikuzie iwe kubwa, ikae mbele ya jeneza. Hatuna nyingine."

Dereva akaongeza kwamba lori linapanda saa kumi na moja, na halimsubiri mtu.

Ndugu zangu, nikaketi mbele ya kompyuta. Nikaiskani ile picha, nikafanya kama tunavyomfanyia kila mteja: nikaung'arisha uso kwanza. Pale studio jambo hilo hatuulizi, watu tunapenda kutoka weupe. Nikaichapa, ikatoka. Weusi wote ulikuwa kama majivu, na uso umepauka.

Dereva akacheka. "Dada, mmempaka marehemu mkorogo?"

Babu hakucheka. Aliitazama weee, kisha akairudisha mezani. "Huyu siye."

Ningemuuliza alikuwaje. Sikuuliza. Nitamuulizaje mfiwa rangi ya mke wake? Nikageukia mashine ya kuchapa, nikaongeza wino mpaka mwisho, nikidhani weusi unaletwa na wingi wa wino. Karatasi ikatoka imelowa, imejikunja, wino unatambaa. Kilemba chake cheusi kikaungana na paji la uso, macho yakazama humo humo. Bibi hayupo.

"Sasa umemzika kabla yetu," dereva akasema, na safari hii hakuwa anatania.

Karatasi kubwa ilibaki moja tu, na taa ya wino mweusi ilishaanza kuwaka na kuzima, dalili kwamba unaisha. Nikampigia mama mdogo. Alikuwa stendi, namsikia kwa shida. Nikamweleza zilivyotoka.

"Umeiambia mashine ni karatasi gani?"

Nikatazama. Niliiacha kwenye mpangilio wa karatasi ya kung'aa, na niliyoweka ni ile isiyong'aa.

"Ndiyo maana weusi umekufa! Rekebisha hapo, halafu wino urudishe chini. Uso je, umemuuliza mwenye mtu?"

"Mama, naogopa."

"Kaogope lori likishaondoka." Akakata.

Nikasimama mbele ya babu. Sauti ilitoka nyembamba hata mimi sikuitambua. "Babu, samahani. Bibi alikuwa... alikuwa mweusi kiasi gani?"

Dereva akageuka ghafla. Nikajua hapo nagombezwa. Lakini babu akavuta kiti, akaketi karibu yangu mbele ya kompyuta.

"Mweusi sana, mjukuu wangu. Ila hapa juu ya nyusi palikuwa panang'aa. Na hapa, shavuni. Hata akiumwa palikuwa panang'aa."

Nikaondoa mng'aro wote niliompaka. Nikakiacha kilemba peke yake kifike mwisho wa weusi, uso nikausimamisha kabla ya hapo. Babu akiniongoza kwa kidole: "Umezidisha. Rudi kidogo. Hapo. Hapo, mwache."

Nikabonyeza. Nje honi inalia. Mashine ilikwenda mstari kwa mstari, nami nimeishika meza. Kilemba kikatangulia, cheusi tii. Likafuata paji la uso. Taa ya wino inawaka, inazima. Macho. Shavu. Kidevu. Ikamalizika.

Babu akamwita mkewe kwa jina. Taratibu, kama mtu anayemwamsha mwenzake. Jina lenyewe silitaji hapa.

Namshukuru mama mdogo, aliyeninyima huruma nilipoitaka. Namshukuru babu kwa kuketi. Hata yule dereva namshukuru: wino ulikuwa haujakauka kiasi cha picha kutiwa kwenye fremu, kwa hiyo aliendesha polepole milima yote ile, picha ikiwa wazi magotini mwa mjomba wake. Na kwenu wenzangu mnaoona haya kama mimi: nilidhani kunyamaza ni kumheshimu mfiwa. Yeye alikuwa anasubiri mtu amuulize habari za mkewe.

Kesho yake asubuhi, wakati wao wanazika kule juu, nilifungua studio. Akaja mama mmoja anataka picha ya paspoti. Nikamwamkia kwa sauti, nikamtazama usoni, na kabla sijagusa kamera nikamuuliza: "Mama, nikutoe ulivyo, au nikung'arishe?"