Evanson Kaloki Nzomo, Fundi wa Ekzosi Aliyewafuata Wateja Wake Hadi Kibwezi

Evanson Kaloki Nzomo alizaliwa tarehe 12 Machi 1967 huko Kyuso, kaskazini mwa Kitui, mtoto wa nne wa Mzee Nzomo na Mama Kasyoki, wakulima wa ndengu. Alizaliwa kabla ya miezi kutimia, na mama yake alizoea kusema kwamba mtoto huyo alitoka akiwa ameshtuka.

Alisoma shule ya msingi papo hapo Kyuso, kisha mwaka wa 1985 akaenda Mwingi kujifunza kuchomelea vyuma. Wenzake walichomelea bila miwani ili waonekane wanaume. Yeye alikataa. Walimcheka miaka miwili mizima.

Mwaka wa 1991 alihamia Makindu na kufungua gereji kando ya barabara ya Mombasa. Lori likipita likinguruma vibaya, alijua ekzosi, yaani bomba lake la moshi, imepasuka wapi hata kabla halijasimama. Tarehe 17 Desemba 1994 alifunga ndoa na Mbithe Kyule, mshonaji wa nguo, na Mungu akawajalia watoto watatu, wa kwanza Mutanu.

Marehemu aliagiza kwamba yaliyotokea Jumamosi, tarehe 10 Agosti 2019, yasifichwe siku ya mazishi yake. Yameandikwa hapa jinsi alivyoyasimulia mwenyewe.

Asubuhi hiyo lilifika gari kubwa lenye kitanda, jiko na choo ndani. Lilikuwa la Mzee Kinyanjui na mkewe Ciku, wastaafu kutoka Nyeri waliokuwa wakizunguka nchi. Chini ya sakafu kulikuwa na jenereta ya kuendesha taa na kipoza hewa. Bomba lake la moshi lilikuwa limepasuliwa na mawe ya barabarani, na Ciku alilalamika kwamba kichwa kilimuuma kila jenereta ilipowashwa. Kaloki alilala chini ya gari akauchomelea ufa. Kwa kawaida, akimaliza, aliziba mdomo wa bomba, akajaza hewa na kupaka maji ya sabuni kote, aone kama patatokea mapovu. Siku hiyo hakupima. Alikuwa amechelewa mkutano wa harusi ya mpwa wake kanisani.

"Sasa iko sawa, fundi?" Kinyanjui aliuliza.

"Iko sawa, mzee. Endeni salama."

Walisema wangepumzika Kibwezi, nyuma ya kituo cha mafuta. Kaloki alikuwa amekaa mkutanoni alipokumbuka kwamba upande wa juu wa bomba, ule unaotazama sakafu, hakuugusa. Hata hakuuona. Alijua moshi wa jenereta una gesi isiyo na harufu, na anayelala ndani yake huenda asiamke. Nambari yao ya simu hakuwa nayo. Alitoka kanisani mbio, akamkuta Ben wa bodaboda.

"Nipeleke Kibwezi. Haraka!"

"Kwani kuna nini, fundi?"

"Nafikiri nimeua watu."

Walilikuta gari saa saba mchana, madirisha yamefungwa kwa sababu ya joto, jenereta ikinguruma. Kaloki alipiga mlango kwa ngumi. "Mzee! Mama Ciku!" Kimya. Alikiri baadaye kwamba kwa muda mfupi alitamani kupanda pikipiki arudi nyumbani, asione kilichokuwa ndani. Ben ndiye aliyeizima jenereta. Kaloki alivunja kitasa kwa bisibisi. Kinyanjui alikuwa sakafuni karibu na mlango, Ciku kitandani. Waliwaburuta nje, wakawalaza kivulini. Hawakujibu. Kisha Ciku akatapika, na Kaloki akalia kwa sauti mbele ya watu wote.

Wazee hao walilazwa hospitalini siku mbili. Kaloki alikwenda kusimama kando ya kitanda cha Kinyanjui.

"Mzee, ni mimi nilikosea. Sikupima."

Kinyanjui alimgeukia. "Ungenyamaza, mimi ningejuaje?"

"Usingejua."

"Basi kamalize kazi."

Alitoa bomba lote akaweka jipya, akabadilisha gasketi inayoziba maungio, akalirefusha hadi mdomo ukapita ubavu wa gari, kisha akapima kwa sabuni mara tatu, wenyewe wakitazama. Lakini kutoka hapo aliogopa kugusa gari lolote. Gereji ilifungwa mwezi mzima.

"Baba Mutanu," Mbithe alimwambia, "kama ni kuogopa, si uogopee huko kazini? Hapa sebuleni unamsaidia nani?"

Alirudi siku iliyofuata. Tangu hapo hakuna gari lililotoka kwake bila kupimwa, na mteja mwenye haraka aliambiwa atafute fundi mwingine.

Mnamo Novemba 2023 figo zake zilianza kushindwa, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki. Kila safari aliiogopa mashine ile, na kila safari alikwenda. Siku ya mwisho mchungaji alimwambia asiogope.

"Pasta, naogopa sana," alisema. "Usinikataze. Kaa tu hapa na mimi."

Mchungaji alivuta kiti akakaa. Kaloki alifariki Alhamisi, tarehe 6 Februari 2025, saa nne asubuhi, Mbithe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, Mbithe, watoto Mutanu, Nthiwa na Kasiva, wajukuu wanne, na dada yake, Nzisa.

Bwana ampokee fundi wetu na kumpa pumziko lisilo na hofu.