Dada Yetu na Mji wa Chini

Ndugu, jamaa na majirani, familia imenituma mimi, mdogo wake, niwaeleze safari ya dada yetu, ambaye wengi mlimwita Mama Tetemeko, jina ambalo hakulipenda hata kidogo.

Dada alizaliwa tarehe 3 Machi 1958, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani, akasoma shule ya msingi hapa mjini, kisha sekondari ya bweni, na chuo kikuu akachukua fizikia, ingawa baba alitamani awe muuguzi.

Mwaka 1983 aliajiriwa katika kituo cha kupima matetemeko kule kilimani, na huko ndiko hofu ilikomwingia, kwani alipolinganisha vipimo aliona kuwa mawimbi ya tetemeko hayaendi kwa kasi moja kila mahali, kwenye mwamba wa kilimani hupita mbio, lakini yakifika mji wa chini, uliojengwa juu ya tope la ziwa lililokauka, hupunguza mwendo, yakavimba na kutikisa vibaya zaidi. Alilieleza baraza la mji mara nyingi, wakamsikiliza kwa heshima, wakaendelea kupandisha maghorofa.

Mwaka 1986 aliolewa na mwoka mikate wa mji huohuo wa chini, wakajaliwa mabinti wawili, ambao hawakuruhusiwa kulala bila viatu kuwa kando ya kitanda, na shemeji alipotania kuwa ameoa king'ora, dada hakucheka.

Tarehe 9 Agosti 2004, mawimbi mepesi yalipofika kituoni, naye akijua mazito yako nyuma, alimpigia shemeji simu akamwambia, "Watoe watu wote nje, usiulize." Shemeji hakuuliza, na walipokuwa barabarani jengo lote la mikate likalala chini. Majirani wao hawakuwa na wa kuwapigia simu, na dada aliyataja majina yao hadi mwisho.

Mwaka jana moyo ulimwelemea, akalazwa hospitali ya mji wa chini, akaomba kitanda cha karibu na mlango, na kila kitoroli kilipopita alinishika mkono mpaka ukafa ganzi. Asubuhi ya Jumanne, tarehe 14 Januari 2025, vioo vya dirisha vilianza kulia, sote tukainuka, yeye akabaki amelala, akisikiliza, kisha akasema taratibu, "Kaeni, hili ni dogo." Mchana wa siku hiyo akatutoka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliokisogeza kitanda bila kumcheka, majirani mliokesha nasi, na wenzake wa kituoni, ambao mmoja wao hayupo hapa, amebaki kilimani kuangalia mitambo, nasi tumemwomba asiondoke.

Pumzika kwa amani, dada, ardhi ikutulie.