Waini ya Jabiani

Kaeni, wanangu. Kirimi, vuta hicho kigoda, acha kusimama mlangoni kama askari wa kaunti aliyekuja kufunga kibanda. Keziah, nipandishie mto, kisha mnisikilize nyote wawili, maana leo nasema mimi Nkatha, mama yenu, na kifua hiki hakitanipa nafasi ya kusema mara mbili.

Jana mlidhani nimelala. Niliwasikia barazani mkipanga safari ya jeneza langu: boti mpaka Mokowe, gari mpaka Meru, halafu mnunuzi aje hapa Ras Kitau kupima kiwanja. Nikakusikia wewe Kirimi ukisema kwanza zile chupa zilizo jabiani zimwagwe, kwa kuwa ni dhambi na tena zimeoza. La dhambi nawaachia wewe na mchungaji wako, sikuzuii kuokoka. La kuoza nalikataa! Na la Meru nalikataa zaidi. Nitazikwa hapa, kando ya jabia, na wosia wangu ndio huo. Mengine yote ni madogo.

Mtaniuliza mtu wa milimani anataka nini katika nti hii ya mchanga na chumvi. Nilikuja na baba yenu Rufus, yeye fundi wa injini za boti, mimi mfua mashuka katika hoteli ya wageni hapo ufuoni, na waliotuona siku ya kwanza walisema hatumalizi msimu. Maji matamu ya kisiwa hiki cha Manda ni ya mvua tu, yale yanayokingwa jabiani, katika birika la mawe lililochimbwa chini, na jabia letu tulilikuta na ufa, halishiki hata tone. Bi Mwanatumu wa Shela, ng'ambo ya pili, ambaye hakunijua kwa lolote, akawa ananivushia madumu ya maji ya kisima chake kila wiki, Mungu amrehemu. Mimi ni wa watu hawa. Baba yenu alipokufa, shangazi zenu walimbeba wakampeleka Meru bila kuniuliza, nami nikakaa nyuma ya gari kama niliyeomba lifti kwenye msiba wangu mwenyewe. Niliumia, na hata leo naumia, na hao shangazi sijawasamehe wala msinisumbue niwasamehe. Mimi hamnibebi.

Sasa hizo chupa. Hoteli ilipofungwa, meneja alikuta sanduku kadhaa za waini nyeupe, ile isiyo na utamu ambayo wageni huiita kavu, tena ya bei ya chini kabisa, iliyokuwa ikiagizwa na waliobana matumizi. Akaona rangi imeanza kugeuka manjano, akasema waini rahisi haizeeki, huharibika tu, achukue anayetaka. Nikachukua. Nilijua ndani ya nyumba joto litaiua, nikalikumbuka lile jabia lenye ufa, chini kwenye giza na ubaridi wa mawe. Lakini jabia ni chombo cha maji na majirani zangu ni Waislamu, sikutaka kuwavunjia heshima, kwa hiyo nilimwendea kwanza Bi Mwanatumu. Akasema, "Maji hayakai umu, Nkatha. Weka utakalo, wala sinambie." Hakuniuliza tena, na chai yangu akaja kuinywa mpaka mwisho wa uhai wake.

Keziah, ifungue hiyo niliyokutuma asubuhi. Taratibu, kizibo kimechakaa. Mimina kidogo, hayo si maziwa. Inua glasi dirishani, uone rangi yake, rangi ya samli iliyoyeyuka. Izungushe. Nusa, na usikunje uso kabla hujanusa! Kwanza itakujia asali, kisha korosho zilizokaangwa, na nyuma kabisa ganda la ndimu. Haya, onja, iache ikae ulimini. Umeshtuka, eh? Inanukia asali nayo haina utamu hata chembe, na ule ukali wa ndimu ungalipo, haujalegea. Imeoza? Sema kwa sauti, kaka yako asikie. Ahsante.

Wageni wakionja waini kuipima, huitema ndooni wasilewe. Mara ya kwanza kuwaona nilicheka mpaka nikatoka nje, kwa sababu kwetu Meru mzee hatemi kinywaji ovyo. Hupiga funda la pombe ya asali, akalipuliza kifuani mwa mwanawe, na hiyo ndiyo baraka. Aliyefungua kifua akaipokea amelipokea na neno la mzee, halirudishi tena. Babu yenu alinipulizia mimi nilipokuwa nafunga mizigo kuja huku, akasema, "Ukae unakokwenda." Nimekaa. Asali hatuna hapa, waini hii itatosha, na wataosema kazi hiyo si ya mwanamke, waje waninyang'anye glasi.

Kiwanja kisiuzwe, Keziah akae hapa. Chupa zisimwagwe. Kirimi, sikulazimishi kunywa, na mchungaji wako aje aniombee, ila asihubiri habari za pombe juu ya kaburi langu. Mwiteni Shuaib, mwana wa Bi Mwanatumu, yeye ajua mwamba ulipo laini wa kuchimbika. Wakija majirani, wapeni chai, na glasi ziwe zimeoshwa, zimefichwa.

Ninyanyueni kichwa. Nipe funda... Keziah, wewe kwanza, sogea. Kaa unapokaa, mwanangu, uzae, uheshimiwe, na mkono wako usipungukiwe... Pfff. Imenimwagikia kidevuni. Si neno, kidogo kimekufika. Nipanguse.

Tena.

Kirimi. Nakuona umeinuka. Sina nguvu za kukufuata mlangoni, baba. Ukienda sitakulaani, nitakufa nimekasirika, basi... Pumzi haifiki huko uliko. Njoo. Karibu zaidi.

Hicho kifungo cha shati... nani kakwambia ukifungue? Umekifungua mwenyewe?

Na cha pili.

Haya. Inama, mwanangu.