Mahindi ya Uwanja wa Shule

Ndugu waombolezaji, tazameni akilini mwenu uwanja wa shule, mahindi yamesimama kupita kichwa cha mtu mzima, yamefika hadi mlango wa darasa la kwanza, na sauti ya mtoto haisikiki.

Dada yangu mkubwa, Mama Godelieve Nkulu, alizaliwa Sandoa tarehe 14 Aprili 1938, akasoma kwa masista hukohuko, akapata diploma ya ualimu mwaka 1957, akaja kufundisha hapa Kolwezi, na tarehe 6 Agosti 1960 akafunga ndoa na Tata Banza Henri, fundi wa reli, wakajaliwa Mbayo na Kabemba.

Machi 1993 tuliwafukuza jirani zetu wenye asili ya mkoa wa Kasai, tukiwaita wageni, ingawa wengi wao walizaliwa hapahapa, wanafunzi wake wakapelekwa stesheni wakibeba magodoro, wakanyeshewa wakingoja treni, shule ikafungwa, na mvua za Novemba zilipoanza, baadhi yenu mnaokaa leo viti vya mbele mliugawana uwanja kwa kamba, mkaulima.

Februari 1994 ikaja tume ya kukagua hasara na mahitaji ya nchi, mabwana wenye viatu safi, ambao kwa kuogopa matope hawakushuka garini, wakayatazama mahindi yenu, wakasema mtaa huu umekwisha kupona, hauhitaji kitu, nasi tukapiga makofi. Mama Godelieve, aliyetumaini shule ifunguliwe na watoto waitwe warudi, alisogea kwenye dirisha la gari lao, akasema kwa sauti yake ya darasani: "Tata, ile mahindi iko namea sababu batoto habako tena. Ni siye benyewe tulibafukuza."

Wakapandisha kioo. Mimi pia ni mwalimu, nimefundisha watoto wasiojua kitu miaka mingi, nao angalau huuliza, lakini wale hawakuuliza, nanyi, badala ya kuona haya, mlimwita msaliti, mkamnyima salamu.

Aliugua kisukari, akafariki tarehe 2 Novemba 1997, shule ikiwa bado imefungwa. Tunawashukuru madaktari waliomhudumia bila dawa, Tata Asani aliyembeba kwa lori lake, walimu wenzake, na majirani wachache walioendelea kumsalimu. Unga mliouleta kwa ajili ya bukari, ule ugali wa matanga, nimeupokea, nimeuweka kando, kwa maana najua mahindi yake yalikolimwa.

Dada, lala sasa kwa utulivu. Nanyi nawaomba kwa upole jambo moja tu, mtakapovuna msimu huu, mkifika ule mstari wa mahindi ulio karibu na mlango wa darasa, kumbukeni kwamba hapo ndipo watoto walipojipanga asubuhi, wakimngoja.