Mkono Begani kwa Kakraba

Nana, chifu wetu, uliyekubali kuacha ubaridi wa nyumbani kwako uje kuketi nasi juani, Mheshimiwa Diwani, Mchungaji Eshun, ndugu wageni waalikwa, akina mama wa cherehani, pamoja na nyinyi wa meza ya kuoshea huko nyuma mlioanza kucheka kabla sijafungua mdomo: nawasalimu nyote.

Nimepewa dakika tano. Walionipa wananifahamu: mimi Kobina, fundi wenu wa cherehani, nikisema dakika tano huwa ni wiki mbili. Leo nitajitahidi.

Tunamuaga Anti Bentsiwa, aliyeshika mkasi wa karakana hii kwa miaka kumi na minne. Jumapili, ibada ikiisha, anahamia Axim kwa dada yake, kwa kuwa macho yamekataa kuendelea. Tunamuaga leo Ijumaa kwa sababu kesho, kama kila Jumamosi, sote tuna mazishi.

Ni nani hapa ambaye hajabeba mfuko uliopita mikononi mwake? Na ni nani asiyejua mfuko huo ulikuwa nini kabla haujawa mfuko? Tunampenda marehemu wetu, tunamchapishia bango la turubai kubwa kama mlango wa kanisa, tunalitundika ukutani, tunalia. Mwaka ukipita tunalishusha, halafu tunafanyaje? Anti alilijua jibu siku alipokwenda kijijini akakuta bango la kaka yake limeezekwa juu ya banda la nguruwe, kaka mwenyewe akitabasamu huku ananyeshewa. Alilishusha palepale. Shemeji yake akamuuliza, "Sasa nguruwe wangu walale wapi?" Anti akamjibu, "Walale kwenye bango lako wewe, siku yako ikifika." Akalibeba, akaliosha kwa sabuni na brashi, na karakana hii ikaanzia hapo.

Simsifu kwa kuwa hakukosea. Tuliwahi kumuuzia mwalimu mmoja wa kike mfuko mweusi wenye maandishi mekundu upande wa nje: PIGO. Sehemu ya pili, KUBWA KWA FAMILIA, ilikuwa imekwenda kwenye mfuko mwingine. Alirudi siku ya tatu. "Anti, kila darasa ninaloingia watoto wanakimbia!" Anti akauangalia mfuko, akamwangalia mwalimu. "Na mtihani wamefaulu?" Wamefaulu. Mwalimu hakuurudisha.

Wewe nawe, Mheshimiwa Diwani, usijifiche nyuma ya soda. Mabango yako ya uchaguzi tuliyakata bila kukuomba radhi. Nusu ya uso wako imebeba vitunguu hadi Tarkwa, na nasikia huko unapendwa kuliko hapa.

Lakini Anti hakuwahi kuupitishia mkasi uso wa marehemu. Hiyo ndiyo sheria aliyotufunza, na Mansa, wewe unayeupokea mkasi, isikilize tena ijapokuwa umeisikia mara mia. Uso unazungushiwa chaki, unakatwa mzima, unarudishwa kwa wenyewe. Wenyewe wakitaka mfuko, uso unashonwa ndani, kwenye bitana, usichomwe na jua, aonekane tu na yule anayefungua kutafuta kitu. Na wale ambao hakuna aliyerudi kuwachukua? Wako kwenye rafu, wamekunjwa vizuri, na kila asubuhi Anti akifungua mlango huwaambia, "Mmelalaje, wapendwa?" Mwanzoni nilidhani ananisalimu mimi. Nilikuwa naitikia.

Sasa naomba mnivumilie, kwa sababu dakika tano zimekwisha na jambo lililonisimamisha hapa sijaligusa.

Kwenye rafu ile kuna bango moja ambalo halijakatwa kabisa. Ni la mke wangu, Adwoa Kakraba. Wengi wenu mlikula kenkey yake, yale madonge ya unga wa mahindi, pale njia panda ya Kojokrom. Kakraba hakupenda kupigwa picha. Alikuwa akisema sura yake ni ya kuangaliwa bure. Alipofariki tulipata picha moja tu nzuri, ya harusi ya mpwa wake, na ndani yake mimi nimesimama kando yake nikiwa nimemshika bega. Mchapishaji alinitoa. Alinitoa suti, akanitoa tumbo, akanitoa kichwa chote, na sikumlaumu. Lakini mkono hakuweza kuutoa bila kuliharibu bega. Kwa hiyo mke wangu alizikwa chini ya bango ambalo ndani yake ametulia, anatabasamu, na mkono usio na mtu umelala begani kwake.

Mwaka ulipotimia nililileta. Anti akalitandaza mezani, akashika chaki, akasimama.

"Kobina, huu mkono wa nani?"

"Wangu."

"Nao nimwachie, au nikate?"

Dada yangu alikuwa ameshaniambia ukatwe, mkono wa aliye hai haukai na marehemu, utanivuta. Nami nikawaza: ukikatwa, utaangukia kwenye vipande vya kuuza, na siku moja nitamkuta mama fulani sokoni amebeba nyanya kwa mkono wangu. Na nikawaza jambo jingine ambalo sikumwambia mtu: kwamba hapo ndipo mahali pekee duniani ambapo bado nimemshika.

Nikasema, "Anti, nitakujibu Jumatatu."

Hiyo ni miaka mitano iliyopita. Hakulikunjua tena, wala hakuniuliza mbele ya watu. Ila kila Jumatatu nikiwa nimeinama chini ya cherehani, napaka mafuta, husikia sauti juu yangu: "Kobina, Jumatatu imefika?" Nami hujibu, "Bado, Anti, hii ni ya wengine." Hucheka, akaenda zake. Mtu mwingine angechoka nami. Mtu mwingine angehitaji nafasi kwenye rafu.

Mwaka huu nimeona jambo linalonitisha. Sauti ya Kakraba alipokuwa akiniita toka jikoni, siikumbuki sawasawa. Kenkey nanunua kwa wengine, na kila nikionja naitafuta chumvi yake, na hata hiyo sina uhakika nayo tena. Bango limekunjwa miaka mitano, na mimi nimemkunja ndani yake. Nimemtunza mpaka simwoni.

Anti Bentsiwa, umetufundisha kazi, umetufundisha adabu kwa waliotutoka, na umenisubiri. Nakushukuru. Nana, Mheshimiwa, Mchungaji, wageni wetu, nawashukuru kwa kuja na kwa kunipa masikio yenu hata saa iliponikatalia.

Anti, Jumatatu hii utakuwa Axim. Nimelishusha bango mwenyewe asubuhi, liko mezani kwako, na mkasi nimeunoa. Naomba mfuko mmoja tu, wa kwendea sokoni. Uso ndani, kwenye bitana.

Na mkono uuache.