Kadi ya Preye

Binti aliyekaa siti ya mbele yangu alitoa simu, kadi mbili za chuo zikamdondoka. Kijana Mbangladeshi aliyekuwa pembeni yake akaokota moja, akaitazama picha, kisha akamtazama yeye.

"Huyu si wewe."

"Ni rafiki yangu, Preye. Nipe, kaka."

"Unamgusishia kadi mlangoni, siyo? Mashine ijue yupo?"

"Punguza sauti basi! Yuko Nigeria, anamzika mama yake."

"Si angeomba ruhusa?"

"Aliomba, akapewa siku tano. Siku tano kwetu hata jeneza halijachaguliwa! Mahudhurio yakipungua wanamfutia viza. Unataka arudi akute hana mama na hana chuo?"

Mimi nilijificha nyuma ya gazeti, ingawa hapa Uingereza siku hizi mwenye gazeti ndani ya basi ndiye anayetazamwa.

Kijana hakuiachia kadi. "Mwezi jana nilikuja darasani na homa, natetemeka kama kuku aliyenyeshewa, ili tu nihesabiwe. Nyie mkikamatwa, tunabanwa wageni wote. Umelifikiria hilo, dada?"

"Nimelifikiria kila asubuhi. Nipe kadi."

Basi likasimama mbele ya chuo. Wakainuka, wakageuka, wakaniona. Binti akakauka pale pale. Kijana alisita kidogo, halafu akaniwekea kadi kiganjani.

"Nimeiokota, mwalimu. Sijui ni ya nani."

Wakashuka. Kipindi chao cha saa tatu nafundisha mimi, na mashine iko mlangoni.